Kutua na ndege ndogo binafsi kwenye nyika za Marekani: wapi ruksa, wapi kosa?

Kipanga172

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaozifahamu kanuni za Marekani. Kwenye ramani ya marubani, hifadhi zimezungushiwa mstari wa buluu wenye nukta upande wa ndani. Je, huo ni ukuta? Maana ndani ya mistari hiyohiyo naona alama za viwanja vidogo, na Idaho vingine viko katikati kabisa ya nyika. Mmoja ananiambia nyika zote ni marufuku kutua tangu 1964, mwingine anasema Alaska unatua popote roho inapopenda. Nani mkweli? Na injini ikizima juu ya hifadhi, inakuwaje? Ndege ninayoifikiria ni Cessna 172 ya kukodi, magurudumu ya kawaida, abiria mmoja.

MsomaKanuni

Mkuu, kila mmoja ana nusu ya ukweli. Swali la kwanza si "hii ni hifadhi?" bali ardhi hii iko chini ya idara gani, na sheria iliyoitenga ilisema nini kuhusu ndege.

Tuanze na mstari. Si ukuta. Ni ombi la mamlaka ya anga, FAA, kwamba upite angalau futi 2,000 juu ya ardhi. Ardhi hapo huhesabiwa kwa kilele kirefu kuliko vyote ndani ya futi 2,000 kila upande wa njia yako, au ukingo wa juu wa korongo, kwa hiyo usipime kutoka sakafu ya bonde. Ni ombi, lakini liheshimu. Wanyama wakitimka, idara nyingine zina kanuni zao za kukushtaki. Ziko sehemu ambako si ombi tena: Boundary Waters kule Minnesota ina amri ya Rais Truman ya 1949 inayozuia ndege kupita chini ya futi 4,000 juu ya usawa wa bahari, na Grand Canyon ina kanuni zake za anga, nzito kweli. Soma maandishi ya pembeni mwa ramani.

Sasa kutua. Hifadhi za taifa nje ya Alaska zinafuata kanuni 36 CFR 2.17 (CFR ni mkusanyo wa kanuni za serikali kuu ya Marekani): huruhusiwi kutua ardhini wala majini isipokuwa mahali palipotajwa kwa kanuni maalumu ya hifadhi hiyo. Maana yake ukimya ni katazo. Usipoona bango la kukataza, bado imekatazwa. Death Valley ina viwanja vilivyotajwa, kikiwemo Furnace Creek kilicho futi 210 chini ya usawa wa bahari. Ziwa kavu la jirani, hata liwe bapa kama meza, ni kosa. Adhabu inafika miezi 6 jela na faini ya dola 5,000.

Kwenye hifadhi za wanyamapori ni vivyo hivyo: 50 CFR 27.34 inakataza kutua na kuruka bila kibali, ila kwa dharura.

Misitu ya taifa ndiyo inayowachanganya wengi. Nje ya nyika iliyotengwa kisheria, kwa kawaida unaweza kutua mradi hakuna amri ya kufunga eneo. Ndani ya nyika, Sheria ya Nyika ya 1964, kifungu cha 4(c), inakataza kutua, na kifungu cha 4(d) kinaongeza kwamba pale ambapo ndege zilikuwa tayari zinatua, matumizi hayo *yanaweza* kuruhusiwa yaendelee. Yanaweza, si lazima. Ndiyo maana sheria ya Idaho ya 1980 iliyounda nyika inayoitwa leo Frank Church–River of No Return ina uzito wake: inasema kutua kulikokuwepo *kutaruhusiwa* kuendelea, na kiwanja kilichokuwa kikitumika mara kwa mara hakiwezi kufungwa moja kwa moja ila kwa sababu ya hatari kubwa kwa ndege, tena kwa idhini ya maandishi ya jimbo la Idaho. Neno moja tu, na viwanja unavyoviona kwenye ramani vimesimama juu yake.

Jambo moja husahaulika: 36 CFR 261.18 haikatazi kutua peke yake. Kudondosha mzigo kutoka angani ndani ya nyika ya msitu wa taifa nako ni kosa, hata kama ni mfuko wa chakula kwa rafiki zako wanaotembea kwa miguu.

MtoYukon

Niongeze ya Alaska, maana huko kanuni imegeuzwa juu chini. ANILCA, sheria ya 1980 kuhusu ardhi za hifadhi za Alaska, kifungu cha 1110(a), iliruhusu ndege kuingia kwenye hifadhi za huko kwa sababu barabara hakuna. Kanuni 43 CFR 36.11(f) inasema ndege zenye mabawa yasiyozunguka zinaweza kutua ardhini na majini isipokuwa pale palipofungwa. Kwa hiyo kwenye majimbo mengine unatafuta ruhusa, Alaska unatafuta katazo. Soma orodha ya makatazo ya msimamizi wa hifadhi husika kabla ya kila safari, usitegemee uliyoisoma msimu uliopita.

"Popote roho inapopenda" ina mipaka mitatu. Helikopta haimo, nje ya sehemu zilizotengwa inahitaji kibali. Anayebeba watu kwa malipo anahitaji kibali cha biashara. Na mwindaji aliyesafiri kwa ndege ndogo kwa kawaida haruhusiwi kupiga mnyama hadi saa 9 usiku wa kuamkia siku ya pili yake.

Jimbo lenyewe linadai vifaa vya kuokoa maisha ndani ya ndege: chakula cha wiki nzima kwa kila mtu, shoka, kisu, kiwasha moto, sanduku la huduma ya kwanza, ndoana na mishipi, chandarua cha kichwa, na vifaa viwili vya kutoa ishara. Kuanzia 15 Oktoba hadi 1 Aprili ongeza viatu vya theluji, mfuko wa kulalia, na blanketi la sufu kwa kila mtu wa tano na kuendelea. Kopo la dawa ya kufukuza dubu usiliweke ulipokaa: likivuja hewani rubani haoni kitu. Wenye ndege za maboya, zile zinazotua majini, hulifungia ndani ya boya.

Kipanga172

Asanteni sana wakuu. Nimeelewa ombi na katazo. Bado injini. Nikitua kwa dharura kwenye uwazi wa hifadhi, kisha nikakuta tatizo dogo na nikalirekebisha, naruka niende zangu?

MsomaKanuni

Hapana ndugu, hapo ndipo watu huongeza kosa. Kutua kwa sababu iliyo nje ya uwezo wako kumesamehewa wazi katika 2.17(b). Kuondoka na kuondoa ndege ni habari nyingine. Wapigie walinzi wa hifadhi, eleza ulipo na umekanyaga nini, piga picha za alama za magurudumu. Usikate mti, usichimbe, usiburute ndege. Kama imeharibika, mwenye ndege anawajibika kuiondoa yote pamoja na vipande vyake, kwa utaratibu atakaoutoa msimamizi. Msamaha hutolewa pale tu ambapo kuiondoa kungehatarisha maisha, kungeharibu sana mazingira au hakuwezekani. Gharama ya helikopta ya kuinyanyua ni yako, kwa hiyo soma mkataba wa bima kama inaifidia. Tena, ikiwa ni ajali inayopaswa kuripotiwa, mabaki hayaguswi mpaka wachunguzi wa NTSB, bodi ya usalama wa usafiri, waruhusu, ila kwa kuokoa watu, kulinda umma au kukinga mabaki yasiharibike zaidi.

NyasiNdefu

Sheria mmeimaliza. Mimi nina wasiwasi na hiyo 172 ya kukodi. Kwanza fungua mkataba: wengi wa wakodishaji wanakataza viwanja visivyo na lami, na bima hufuata mkataba.

Pili, piga hesabu ya hewa. Chukua Johnson Creek, Idaho, kiwanja cha nyasi nje ya nyika ambacho wengi huanzia: futi 4,960 juu ya bahari, urefu futi 3,400. Joto la kawaida kwa mwinuko huo ni nyuzi 5. Mchana wa nyuzi 28 umezidi kwa 23, na kila nyuzi inaongeza takriban futi 120, kwa hiyo ndege inajiona iko futi 7,700. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000; karibu robo imeshaondoka kabla hujasukuma gesi. Wakati wa kutua, geji ya mwendo inasoma kama kawaida lakini kasi yako halisi imezidi kwa asilimia 12, na umbali wa kusimama unarefuka kwa robo. Nyasi zikiwa na umande, breki hazishiki. Kosa linaloua ni rubani kuona ardhi inakimbia, akavuta pua juu kupunguza mwendo, na bawa likaacha kubeba. Amini geji.

Viwanja vingi vya korongoni ni vya upande mmoja: unatua ukipanda mteremko, unaruka ukishuka. Chagua mapema alama ambayo ukishaipita huwezi tena kughairi kutua. Wakati wa kuruka, weka alama nusu ya kiwanja. Ukifika hapo hujapata asilimia 70 ya mwendo wa kunyanyukia (noti 38, yaani maili za baharini kwa saa, kama unanyanyukia 55), kata gesi. Fanya kazi asubuhi, kwa sababu mchana upepo hupanda korongo na kukutikisa palepale penye nafasi finyu. Tangaza ulipo kwenye masafa ya redio 122.9 kwa majina ya vijito, siyo kwa maili tu. Usijaribu injini ukiwa umesimama juu ya changarawe. Propela hunyonya mawe na kingo zake hutoboka.

Mwisho, mpigie ofisa wa msitu kabla hujaondoka. Ndani ya nyika mashine hazitumiki hovyo, na viwanja kama Moose Creek vimekuwa vikitunzwa kwa nyumbu na zana za mkono. Muulize nyasi zina urefu gani, kama kuna mashimo ya panya-buku, na kama mti umeanguka kwenye njia ya kukaribia.