Nakala tatu za Blue Train: ya zamani, ya Japani, ya 2022. Ipi ibaki, na mono inasikilizwaje?

Besi_Kavu

Habari za humu wakuu. Nina nakala tatu za Blue Train ya John Coltrane, mpiga saksofoni wa jazz (kampuni ya Blue Note, namba 1577), na nataka kubaki na moja, zikizidi sana mbili.

Ya kwanza ni ya zamani, mono. Lebo imeandikwa "New York USA", na kwenye ukingo mtupu karibu na lebo kuna herufi RVG. Muuzaji anasema ni toleo la kwanza. Ya pili ni ya Japani, ya kampuni ya King, ukanda wake wa karatasi bado upo. Ya tatu ni ya 2022, mono, ya Tone Poet (mfululizo wa Blue Note wa kutoa upya santuri zao).

Maswali: Je, muuzaji yuko sahihi? Mbona kwenye ile ya zamani Locomotion inapiga vizuri lakini Lazy Bird, upande huohuo, tarumbeta la Lee Morgan linakwaruza? Mbona ya 2022 ina besi nzito kuliko ya zamani, ipi kati yao ndiyo sauti yenyewe? Na je, kwa katriji (kichwa kinachobeba sindano) ya stereo naweza kusikiliza mono, au lazima ninunue nyingine?

---

LakeriSafi

Mkuu, tuanze na muuzaji. Anayosema hayaendani na lebo. Blue Train ilirekodiwa tarehe 15 Septemba 1957 kwa fundi sauti Rudy Van Gelder (ndiye RVG), Hackensack, New Jersey. Wakati ule anwani ya Blue Note kwenye lebo ilikuwa 47 West 63rd. Maandishi ya "New York USA" yalianza kutumika mnamo 1962. Kwa hiyo hata kabla ya kuipindua santuri, hiyo ni chapa ya baadaye.

Sasa rudi kwenye ukingo mtupu, uinamishe santuri chini ya taa ya upande mmoja (taa ya juu moja kwa moja haionyeshi kitu). Tafuta alama ndogo iliyokwaruzwa kwa mkono, kama sikio. Kwa kweli ni herufi P ya mwandiko, alama ya kiwanda cha Plastylite kilichoichapia Blue Note hadi 1966, baada ya Blue Note kuuzwa kwa kampuni ya Liberty. Watu wengi huchanganya hapa: RVG inakwambia nani alikata lakeri (sahani ya mwanzo inayotengenezewa vyuma vya kuchapia), sikio linakwambia nani alichapa. Liberty walirithi vyuma vya kuchapia vilevile vya Van Gelder, na pia lebo za karatasi zilizobaki ghalani. Ndiyo maana zipo santuri zenye lebo ya "New York USA" na RVG, lakini hazina sikio. Hizo zimechapwa 1966 au baada ya hapo.

Ukikuta sikio, una chapa ya kati ya 1962 na 1966. Usipolikuta, ni ya Liberty. Kwa vyovyote si toleo la kwanza, na bei ifuate hilo. Kisauti lakini usiidharau. Chuma ni kilekile, na vinili ya Liberty mara nyingi ina kelele zaidi kidogo tu kuliko ya Plastylite, wakati mwingine haina tofauti kabisa. Cha kukimbia ni zile ambazo jalada linasema "electronically re-recorded to simulate stereo". Hizo walichukua mono wakaigawa kwa vichujio ili ionekane stereo, na matoazi yanabaki yakielea upande mmoja bila mpigaji.

Usitegemee lile duara lililozama kwenye lebo kama ushahidi pekee. Lilitokana na umbo la mashine ya kuchapia, na kuna chapa za baadaye zenye duara upande mmoja tu.

Kuhusu besi: zote mbili ni za kweli, kila moja kwa namna yake. Van Gelder alikuwa anakatia mashine za wakati ule, zenye mikono mizito na sindano zinazoruka besi ikizidi. Akapunguza besi ya chini kabisa na kubana kidogo tofauti ya sauti kubwa na ndogo, hivyo shaba zinakuja mbele na kwa ukali. Ile ya 2022 ilikatwa na Kevin Gray kutoka tepu mama ya mono (angalia ukingoni, utaona KPG@CA), ikachapwa kiwanda cha RTI, California, bila hofu ya sindano kuruka. Unachosikia kwa Paul Chambers, mpiga besi, ni kilichomo kwenye tepu. Unachosikia kwenye ya zamani ni uamuzi wa Van Gelder mwenyewe akiwa kwenye mashine ya kukatia. Binafsi tarumbeta nalipenda kwenye ya zamani, besi kwenye mpya.

---

MferejiWaNdani

LakeriSafi kamaliza upande wa lebo. Mimi nichukue Lazy Bird.

Kwanza kwa nini Locomotion iko shwari. Santuri ya 33⅓ inazunguka kwa kasi ileile muda wote, lakini mfereji wa nje ni mrefu kuliko wa ndani. Mwanzo wa upande, sindano inasafiri karibu sentimita 51 kwa sekunde. Karibu na lebo inabaki kama 21. Mawimbi yaleyale ya tarumbeta yanabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, na sindano ya mviringo inashindwa kuyafuata kona zake. Lazy Bird ndiyo ya mwisho upande huo, na Morgan ndiye anayebeba wimbo tangu mwanzo. Hakuna mahali pabaya zaidi pa kumweka.

Sababu ziko mbili na lazima uzitenganishe kabla ya kulaumu santuri. Chukua santuri nyingine unayojua ni safi, ikiwezekana ile ya 2022 yenyewe, upige wimbo wa mwisho.

Ikikwaruza nayo, tatizo ni mpangilio wa katriji. Pima upya kwa karatasi ya kupangia (protrakta) kwenye alama zote mbili, ya nje na ya ndani, kisha uzito wa sindano. Watu hupunguza uzito wakidhani wanaiokoa santuri. Kinyume chake: sindano nyepesi mno inadundadunda ndani ya mfereji na ndiyo inayochimba kuta. Kaa katikati ya kipimo cha mtengenezaji au juu kidogo ya katikati.

Ikiwa ile nyingine inapiga safi, basi ya zamani imeliwa. Ilipigwa miaka mingi kwa mkono wa gramu tano au zaidi na ncha iliyokwisha. Hapo dawa si kusafisha, dawa ni kubadili mahali sindano inapogusa. Mono za miaka ya 1950 zilitengenezewa ncha ya mikroni 25, stereo za kawaida ni 18. Ukiweka ncha nyembamba ya kisasa (ya duaradufu kali au ya mstari) inashuka chini ya sehemu iliyoliwa. Mara nyingine 25 ndiyo inafaa kwa sababu inakaa juu ya uharibifu. Haitabiriki, jaribu zote kama unaweza kuazima.

Swali la mono: huhitaji katriji mpya. Kwenye mfereji wa mono, muziki uko kwenye mwendo wa sindano wa kushoto na kulia tu. Ya juu na chini yote ni takataka: vumbi, mikwaruzo, mngurumo wa mashine. Katriji ya stereo inaichukua hiyo takataka na kukupigia pande mbili za spika. Ukiunganisha chaneli mbili, kila cha juu na chini kinajifuta. Kama amplifaya ina kitufe cha mono, kibonyeze na utasikia chakachaka zinapungua papo hapo, na Coltrane anasimama sehemu moja.

Kama haina kitufe, tumia waya mbili za Y: moja inaunganisha kushoto na kulia kuwa moja, ya pili inagawa tena. Ziweke kati ya mashine ya santuri na priampu ya fono (kikuza sauti cha awali cha santuri). Watu huogopa kwamba zitaharibu mzigo wa katriji ya sumaku. Haziharibu. Koili mbili sambamba zinapunguza induktansi nusu, milango miwili ya kiloomu 47 inakuwa 23.5, na kapasitansi inajumlika mara mbili. Hesabu inarudi palepale. Usiziweke baada ya priampu, kwa sababu pale milango miwili ya kutolea itakuwa inasukumana. Ukilazimika, weka rezista ya kiloomu 1 kwenye kila chaneli kabla ya kuunganisha.

Tahadhari moja: katriji za mono za zamani zisizocheza juu na chini usiziweke kwenye santuri ya stereo hata mara moja. Zinaikata.

---

TarumbetaKimya

Ya King usiitupe. King walichapa Blue Note toka 1977 hadi 1983, vinili yao ni kimya kuliko zote tatu. Udhaifu wake ni kwamba Wajapani walitumiwa nakala ya tepu, si tepu mama, kwa hiyo matoazi yamepoa kidogo. Ila kwa mtu anayesikiliza usiku kwa sauti ndogo hiyo ndiyo ya kuweka.

---

LakeriSafi

@TarumbetaKimya nakubali kuhusu ukimya. Kuhusu kuiweka, hapana, akiwa tayari ana ya 2022. Ukimya wa RTI unatosha na tepu iko karibu zaidi.

---

Besi_Kavu

Nimeangalia kwa taa ya upande, sikio halipo. Asanteni, narudi kwa muuzaji.

Mawili ya nyongeza. Naona matoleo mengi ya Ulaya ya jazz ya miaka ya 1950, "gramu 180", bei nafuu. Yamekatwa kutoka tepu ya asili? Na kuna jamaa kaniambia Kind of Blue yangu (ya Miles Davis) ya miaka ya 1970 "iko juu ya nota". Ni kweli au porojo?

---

LakeriSafi

La pili kwanza, ni kweli kabisa. Kind of Blue ilirekodiwa siku mbili mwaka 1959, Machi 2 na Aprili 22, studio ya Columbia ya 30th Street. Siku ya Machi mashine ya tepu iliyotumika kutengenezea santuri ilikuwa inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa. Tepu hiyo ikipigwa kwa kasi sahihi, muziki unakwenda mbio na nota zinapanda. Nyimbo zilizoathirika ni So What, Freddie Freeloader na Blue in Green, yaani upande wa kwanza wote. Upande wa pili hauna tatizo. Kulikuwa na mashine ya akiba iliyokuwa ikirekodi kwa kasi sahihi, na mwaka 1992 wakairudia tepu hiyo. Kwa hiyo nakala yoyote iliyotengenezwa kabla ya hapo, hata toleo la kwanza la bei mbaya, upande wa kwanza uko juu. Ukipiga piano sambamba na So What utaona haikai kwenye re.

Kuhusu matoleo ya Ulaya: ulinzi wa rekodi huko ulikuwa miaka 50. Ulipoongezwa kuwa 70, rekodi zilizokuwa zimeshatolewa kabla ya 1963 hazikurudishiwa ulinzi. Hivyo mtu anaweza kuchapa bila ruhusa na bila tepu, na tepu haitamfikia. Chanzo mara nyingi ni CD. Dalili zake: jalada linataja uzito wa vinili lakini halitaji tepu wala aliyekata, kuna nyimbo za ziada zilizobanwa hadi upande unafika dakika 25 au zaidi, hivyo sauti inakatwa ndogo, na picha ya jalada si ya asili. Gramu 180 ni uzito wa plastiki tu.

Hata majina makubwa yasome kwa makini. Mwaka 2022 ilifahamika kuwa Mobile Fidelity, kampuni ya matoleo ya bei ya juu, wamekuwa wakipitisha tepu kwenye DSD (mfumo wa dijitali) kabla ya kukata. Sauti si mbaya, lakini aliyenunua akidhani hakuna dijitali njiani hakupata alichodhani.

---

Besi_Kavu

Nimeelewa. La mwisho: shelaki, zile santuri za zamani za 78. Katriji hii inaweza kupiga 78?

---

Shelaki78

Hapana. Ncha ya 18 itazama chini kabisa ya mfereji na kuburuta uchafu. Unahitaji kama mikroni 76, na wenye bidii huwa na ncha kadhaa kati ya 64 na 89 kwa sababu kila lebo ilikata kivyake. Waya zako za Y zibaki palepale, 78 zote hizo ni mono.

Kusafisha: maji yaliyochujwa kwa mvuke, tone moja mbili la sabuni laini ya vyombo, brashi laini, kausha haraka, lebo isiloe. Alkoholi usiisogeze. Kwenye vinili mchanganyiko hafifu hauna neno, lakini shelaki inayeyuka kwa alkoholi, na uking'amua ni pale kitambaa kinapogeuka cheusi.

Kasi: "78" ni jina tu. Rekodi za 1923 za King Oliver pale Gennett, Richmond, Indiana, hazikukatwa kwa kasi moja. Tafuta ufunguo wa wimbo, kisha sogeza kasi hadi koneti (tarumbeta fupi ya Oliver) ikae kwenye nota.

Na priampu ya kawaida imewekewa mkunjo (marekebisho ya besi na sauti nyembamba) wa RIAA wa 1954. Kwa rekodi za umeme, zilizoanza 1925, inaongeza besi mno na kukata sauti nyembamba mno. Za pembe, yaani zilizorekodiwa bila umeme kabla ya hapo, hazikuwekewa mkunjo wowote. Rekodi bila mkunjo kwenye kompyuta, urekebishe kwa programu. Kabla hujanunua chochote, tafuta namba ya matriksi (iliyoandikwa ukingoni karibu na lebo) kwenye hifadhidata ya DAHR ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara: inakupa tarehe na mahali, na mara nyingi unaweza kuisikiliza hapohapo.

---

MferejiWaNdani

Nyongeza kwa @Shelaki78: ukirekodi bila mkunjo, toa waya za Y, kisha unganisha chaneli kuwa mono baada ya kuondoa chakachaka kwa programu, si kabla. Mkwaruzo mwingi uko kwenye ukuta mmoja wa mfereji, na programu inaukamata kirahisi ukiwa bado upande mmoja.