Kubadilisha fanksheni saidizi ya majaribio bila kuvunja majaribio ya zamani

Swali
Habari zenu. Mradi wetu wa Python una fanksheni saidizi, `tengeneza_mteja(jina, simu=None)`, inayoitwa na faili zipatazo 80 za majaribio. Wiki iliyopita niliongeza kigezo cha `nchi` katikati ya hivyo viwili, nikakipa thamani ya msingi, na majaribio yote yakapita. Jana ndipo nilipogundua kwamba majaribio ya zamani yamekuwa yakihifadhi namba za simu mahali pa nchi, kwa kuwa mengi hukagua jina tu. Nirekebisheje?

Jibu la 1
Kilichokuponza ni nafasi ya kigezo. Kirudishe mwisho, nyuma ya nyota, ili kisipokelewe ila kwa kutajwa jina: `tengeneza_mteja(jina, simu=None, *, nchi="TZ")`. Fanksheni saidizi nayo iandikie jaribio lake. Wengi hulidharau hilo.

Jibu la 2
Binafsi ningezirekebisha faili zote 80 kwa siku moja na kuachana na habari ya kulinda matumizi ya zamani, maadamu zote zimo katika hazina moja ya msimbo.

Muulizaji
Asanteni. Nyota imefanya kazi. Tatizo ni kwamba miradi mingine miwili huichukua fanksheni hiyo kama kifurushi, na sasa tunataka kuibadilisha hata jina.

Jibu la 3
Basi liache jina la zamani liite jipya, huku likitoa onyo kwa `warnings.warn(ujumbe, DeprecationWarning, stacklevel=2)`. Usiisahau hiyo 2, kwa sababu bila yake onyo litaonyesha mstari wa fanksheni saidizi badala ya mstari wa jaribio linaloiita. Hata hivyo, onyo peke yake halimwamshi mtu: `assertEquals`, jina la zamani la `assertEqual` katika unittest (maktaba ya majaribio inayokuja na Python), ilitangazwa kuwa imepitwa na wakati tangu Python 3.2 ya mwaka 2011, lakini ilipoondolewa katika matoleo ya awali ya 3.11 ilibidi irudishwe kwa kuwa miradi mingi ilivunjika, ikaja kuondoka katika 3.12, Oktoba 2023. Kwa hiyo, kwenye seva inayoendesha majaribio yenu, tumieni `-W error::DeprecationWarning`, inayogeuza onyo hilo kuwa kosa linaloangusha jaribio, na mtaje kwenye ujumbe wa onyo toleo ambalo jina la zamani litafutwa.

Muulizaji
Nimeiwasha asubuhi hii kwenye mradi wetu: faili 11 zimeanguka, na 3 kati yake ni zangu mwenyewe.