Ukutubi kwa simu: vitendo tunatumiwa picha, kusaini fomu tunaitwa Dar

Wakuu, habari za jioni. Nimeshuka basi si muda mrefu, miguu imevimba na roho imevimba zaidi, kwa hiyo mtanisamehe nikiandika ovyo.

Niko hapa Tanga mjini. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, kibarua changu ni kutunza maktaba ya shule. Maktaba yenyewe chumba kimoja na makabati manne, ila vitabu vipo, na miaka sita nimevipanga kwa akili yangu: vya Kiswahili huku, vya sayansi kule, vinene chini visije vikamwangukia mtoto. Mwaka jana nikasema ngoja nisomee, na mimi niitwe mkutubi badala ya "yule dada wa vitabu". Nikajiunga na chuo kimoja cha Dar, masomo ya watu wazima walioko kazini. Jina nalihifadhi, ada nimeshalipa na cheti bado sijakishika.

Makubaliano yalikuwa mepesi kueleweka. Nadharia mtandaoni jioni, vitendo ana kwa ana wiki mbili kila muhula.

Hizo wiki mbili hatujaziona. Muhula wa kwanza tuliambiwa jengo linakarabatiwa. Muhula wa pili hata kisingizio hatukupewa, tukatumiwa faili za PDF na video ya mtu anabandika lebo kwenye mgongo wa kitabu. Mikono tunaiona, uso hatuuoni, sauti haipo.

Sasa sikilizeni tunavyofundishwa uainishaji. Mwalimu anatupia picha ya jalada kwenye kundi la WhatsApp, chini anaandika: "Toeni namba ya Dewey." Basi. Namba ya Dewey ndiyo inayosema mada ya kitabu na rafu kinapokaa. Wiki moja alituma jalada lenye picha ya shamba la mkonge. Mtu wa Tanga umuoneshe mkonge! Lakini kitabu cha mkonge kinaweza kuwa cha kilimo cha mazao ya nyuzi, kikaenda 633.5. Kinaweza kuwa kinazungumzia manamba na ujira wao, kikaenda 331. Kinaweza kuwa historia ya nchi, kikakaa 967.8. Ukikishika mkononi, ukafungua yaliyomo, ukasoma utangulizi, umemaliza. Kwa picha ya jalada hiyo ni ramli. Kundi zima likatoa majibu ya kila aina, mwalimu akaweka tiki kwenye jibu moja akaondoka. Kwa nini lile na si jingine? Mpaka leo. Na darasa lenyewe lilikuwa hapo hapo, kwenye ule ubishi aliouacha.

Nilichojifunza kwa mikono nilikipata kwa hisani. Kuna mzee mmoja, mkutubi mstaafu, jirani yangu huku Ngamiani, nilimbembeleza aje shuleni asubuhi moja. Akanipa vitabu kumi vyenye namba, akasema panga. Nikapanga kwa kujiamini kabisa. 331.2 nikaitanguliza, 331.11 ikafuata, maana kumi na moja ni kubwa kuliko mbili, au siyo? Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kumbe baada ya nukta husomi "kumi na moja", unasoma "moja, moja", kwa hiyo 331.11 ndiyo inayotangulia. Kosa hilo PDF isingelijua ninalo. Akanionesha pia kwamba kitabu hukivuti kwa kukishika kichwa cha mgongo, unavisukuma ndani kidogo vilivyo pembeni yake, unakikamata katikati. Akanusa kabati langu la chini akaniambia hapa pana ukungu, sogeza mbali na ukuta, hewa ya bahari hii haina huruma na karatasi. Asubuhi moja tu hiyo, nikamlipa chai na vitumbua.

Na msikimbilie kuniambia mimi mshamba wa teknolojia. Somo la Koha, programu ya kompyuta ya kuorodhesha vitabu vya maktaba, tulisoma mtandaoni na lilikuwa zuri kuliko yote. Mwalimu yule mwingine alitufungulia skrini yake, tukaona kila uga, yaani nafasi ya kujaza, unavyojazwa, namba 100 ni jina la mwandishi, 245 jina la kitabu, na kila kipindi alikirekodi. Mimi nilikirudia mara tatu usiku watoto wakiwa wamelala. Programu yenyewe haina ada ya leseni, naweza kuifunga kwenye kompyuta ya shule kesho. Tena kuna mwenzetu yuko Pangani ana mtoto mchanga, bila mtandao angesomea wapi? Mtandao sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu ni huu wa leo. Wiki iliyopita limekuja tangazo kwa herufi kubwa: kila mwanafunzi afike MWENYEWE chuoni kuhakiki risiti za ada na kusaini fomu ya mtihani. Kutuma kwa simu hapana, kumtuma mtu hapana. Nikaomba ruhusa kazini, nikaacha watoto kwa shangazi yao, nikala kilomita 350 kwenda. Nimekaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana. Karani akachukua risiti, akaandika namba yangu ya malipo kwenye kompyuta, na ada yangu yote ikatokea pale kwenye kioo, nimeiona kwa macho yangu. Akagonga mhuri. Dakika nne.

Wakati natoka nikapita mlango wenye kioo. Ndani rafu zimejaa vitabu, kigari cha kusukumia, gundi, brashi, meza ndefu. Nikamuuliza mlinzi, kaka, naweza kuingia hata dakika kumi? Akasema hicho ni chumba cha vitendo, ila mwenye ufunguo kasafiri.

Na hii ndiyo imenifanya niandike badala ya kulala. Kwenye fomu niliyosaini ipo ratiba. Mtihani wa vitendo, ana kwa ana, chumba hicho hicho, baada ya wiki tatu. Kila mtu na kigari chake cha vitabu.

Kama yupo mkutubi hapa Tanga, Muheza au hata Korogwe mwenye rafu na Jumamosi moja ya kunivumilia, anitafute PM. Gundi nitakuja nayo.