Naomba ushauri: matairi ya gari la kila siku na la sakiti

Wakuu, habari zenu. Nina Toyota GT86, matairi saizi 215/45 rimu 17. Ndilo gari langu la kila siku, ila siku ambazo sakiti (uwanja wa mbio za magari) iko wazi kwa watu wote naliingiza kujifurahisha tu, hakuna mashindano. Bado limevaa Michelin Primacy za kiwandani. Zinateleza mapema, raha kwa wapenda kuzungusha mkia, lakini mimi nataka gari lishike kona.

Nimebaki njia panda: Pilot Sport 4, au Bridgestone Potenza RE-71RS, ile ambayo namba ya uchakavu ubavuni ni 200 tu, yaani mpira laini? Najua mpira laini unashika zaidi na kuisha haraka. Hilo nimelikubali. Hofu yangu ni mvua barabarani.

Halafu upepo. Nikianza na psi 30 tairi likiwa baridi, baada ya mizunguko kadhaa linafika 37. Mnapunguza hapohapo au mnaanzia chini zaidi? Za mbele zinalika bega la nje, na kemba (mwinamo wa tairi ukilitazama gari kwa mbele) ya kiwandani ni karibu sifuri. Nirekebishe kemba kwanza ndipo ninunue matairi?

Aliyetumia RE-71RS kwenye gari la kila siku, tafadhali aniambie ukweli.