Ukuta wa sebule unabanduka chini, nina laki moja na ishirini: nianze na nini?

MsambaaMbagala

Habari zenu wadau. Naomba mawazo kabla sijapoteza hela.

Napanga chumba na sebule huku Mbagala, nyumba ya wapangaji wanne, uani tunachangia. Mwezi ujao mama anakuja kutoka Lushoto kutibiwa macho, atakaa kwangu mwezi au zaidi. Hajawahi kufika. Kwenye simu nilishajigamba kwamba nakaa pazuri, sasa maneno yangu yananitokea puani.

Sebule ni hatua tano kwa nne. Kuna sofa ya watu wawili niliyoachiwa na dada alipohamia Dodoma, stuli moja ya plastiki, na tivii imekaa juu ya ndoo mbili za rangi nilizozifunika kitambaa. Hayo navumilia. Kinachoniaibisha ni ukuta wa nyuma ya sofa. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti rangi imetuna kama chapati, ukiigusa inadondoka, na chini yake kuna unga mweupe. Una chumvi. (Ndiyo, niliuonja, msinicheke.) Mwaka jana nilipiga rangi ya mafuta galoni nzima kwa sababu muuzaji alisema haipitishi maji. Ilikaa miezi mitatu ikaanza kutoka vipande vipande kama maganda ya muhogo.

Nina laki moja na ishirini, haiongezeki. Nilivyopanga: stika za ukutani zile za mfano wa matofali kufunika aibu, pazia, mito, na meza ya paleti. Masharti ni haya: mwenye nyumba hataki kusikia msumari. Dari hakuna, kenchi zinaonekana. Cherehani ni ya jirani. Na mama ana kifua, akikaa penye vumbi au harufu ya unyevu anakohoa usiku kucha.

Nianze na nini?

Gheto_Kavu

Bandika stika dada, saa mbili umemaliza. Mimi gheto zima nimebandika, washkaji wanapiga picha.

FundiRola

Huyo mwenye stika ukuta wake ni mkavu, ndiyo maana anaringa. Wewe dada ukibandika, gundi haitashika kwenye ule unga, na ikishika, nyuma yake utafuga ukungu. Mama mwenye kifua alale jirani na hicho kitu? Hapana.

Napiga rangi mwaka wa kumi na sita sasa, na ukuta wa namna hiyo kwa hapa Dar nimekutana nao mara nyingi mno. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia msingi. Aliyejenga hakuweka nailoni juu ya msingi kabla ya kupanga tofali, au aliweka ikachanika. Maji yakipanda yanabeba chumvi, ya ardhini na ya mchanga wenyewe. Yakifika kwenye lipu yanataka kutoka nje yakauke. Wewe umeyafungia mlango kwa rangi ya mafuta. Maji yanakauka, chumvi inabaki, inavimba, inasukuma rangi. Hata ungepiga galoni tano ingekuwa yale yale.

Kabla hujanunua kitu, toka nje uangalie upande wa pili wa ukuta huo huo. Nataka unijibu maswali matatu. Udongo wa nje umepanda kuzidi sakafu ya ndani? Kuna mtu anamwaga maji pale? Maji ya bati yanadondokea wapi?

Halafu ndani, fanya hivi. Kwangua rangi yote iliyolegea, na upande juu yake shubiri mbili kwenye sehemu inayoonekana nzima. Ule unga utoe kwa brashi kavu, ukusanye kwenye kizoleo ukautupe. Usioshe kwa maji, maana chumvi itayeyuka na kurudi ndani ya ukuta. Sogeza sofa, acha ukuta ukae wazi wiki mbili au tatu. Usipige jipsam pale chini, jipsam na unyevu hawapatani. Paka chokaa. Chokaa inapumua, maji yanapita yanakwenda zake.

Ila chokaa haishiki juu ya rangi ya maji wala ya mafuta. Ishike lipu yenyewe, kwa hiyo kwangua kweli kweli. Jifunge kitambaa puani wakati wa kukwangua, na mama asiwepo.

MsambaaMbagala

Kaka, nimetoka kuangalia sasa hivi na tochi. Nimechoka kabisa. Upande wa pili ndipo tunapofulia! Karo lipo lakini limejaa, kwa hiyo kila mtu anamwaga beseni hapo hapo ukutani. Na mimi nimo. Udongo umepanda, nimepima kwa kijiti, unazidi sakafu yangu kama vidole vinne.

Chokaa si itachafua nguo? Nakumbuka shule ya msingi, ukiegemea ukuta unatoka na mgongo mweupe.

FundiRola

Ile ya shule walikuwa wanapaka nzito mkono mmoja ili mkaguzi akifika akute kumeng'aa. Chokaa loweka usiku mmoja, chuja kwa kipande cha chandarua, iwe nyepesi kama maziwa. Nyunyizia ukuta maji kidogo kabla ya kupaka, kidogo tu. Ukipaka hutaona kitu, utadhani umepaka maji. Usiongeze! Subiri, inakuja nyeupe ikikauka. Mikono minne myepesi, kila siku mmoja. Vaa glovu na ulinde macho, chokaa inaunguza.

Ukitaka rangi, weka oksaidi nyekundu ile ya sakafuni, kidogo, utapata waridi iliyofifia. Na huo udongo wa nje chota. Jembe la kuazima halina gharama.

BiMwanaPangani

Mwanangu, fundi amesema kweli. Nyumba ya bibi yetu hapa Pangani ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, imekaa miaka na miaka. Wajukuu wakapata hela wakaipiga lipu ya saruji wakidhani wanaipendezesha. Saruji ikadondoka mabamba mabamba na kuondoka na chokaa ya wazee. Kuna watu watakwambia utie chumvi ya jikoni kwenye chokaa ili ishike. Bibi alikuwa akitia, lakini ukuta wako wenyewe ni chumvi tupu, usiuongezee.

Sasa nguo, maana huko ndiko kwenye kupendeza. Nenda Mtaa wa Uhuru ununue doti moja ya khanga, usinunue vitenge vingi vya kuchanganya. Doti ni vipande viwili. Kimoja kitundike kizima, pindo, mji (pale katikati) na jina (yale maandishi) vyote vionekane, usikikate. Cha pili ndicho ukate foronya za mito, na ukikata uufuate mji, ua la katikati liangukie katikati ya mto. Wengi hukata kama wanakata mkate, mto mmoja unapata nusu ua, mwingine unapata maandishi yasiyosomeka. Iloweke kwanza kwenye maji baridi peke yake, itoe wanga na kuchuja rangi, ndipo ukate. Ukiikata mbichi, siku ya kwanza kufua mito itakubana.

Msumari hauhitaji. Tafuta ufito au mwanzi ulionyooka, kunja ukingo wa juu wa khanga ushone mfereji, pitisha ufito, funga kamba ya mkonge huku na huku, kamba zipande mpaka kwenye kenchi. Hakuna mwenye nyumba wa kukushtaki.

Na badala ya kapeti la plastiki tandika mkeka. Kapeti la plastiki juu ya sakafu yenye unyevu utaliinua Ramadhani ukute bustani. Kama una subira, nunua ukili, ule ukanda wa miyaa iliyosukwa, kwa pima ushone mwenyewe mviringo, unaanza na kitovu unazungusha. Mkeka wa kwanza utapinda ubaki kama kawa la kufunikia chakula. Usitupe, tundika, nayo ni pambo.

Kaka_Paleti

Kuhusu meza: kabla ya kubeba paleti angalia muhuri. Kuna alama ya suke kwenye kiboksi na herufi pembeni. HT ni iliyopashwa joto, mpaka moyo wa mbao ufike nyuzi 56 kwa dakika 30. Hiyo chukua. MB imefukizwa dawa ya methyl bromide, iache. Na yenye mafuta yaliyomwagika iache hata kama ni HT. Msasa namba 80, kisha 120, kisha 220. Ila kuchomoa misumari ya paleti ni kazi ya kumtafuta Mungu, jipange.

MsambaaMbagala

Shikamoo Bi Mwana. Kaka fundi, kaka wa paleti, asanteni. Narudisha majibu, wiki ya sita leo, mama yupo hapa anakunywa chai.

Kazi iliyonitoa jasho ilikuwa ya nje. Nilimwomba mwenye nyumba ruhusa ya kuchota udongo, akasema choteni, ila karo tuzibue kwa hela yetu. Wapangaji wanne tukachanga, kila mtu elfu tano, hiyo sikuihesabu kwenye laki na ishirini maana ingetoka tu. Jumapili mbili na jembe la baba wa chumba cha mwisho. Udongo sasa uko chini ya sakafu yangu, na tumeulaza uende upande wa njia. Hakuna anayemwaga beseni ukutani tena, isipokuwa mmoja, na tunajua ni nani.

Ndani nilikwangua jioni nne baada ya kazi. Rangi ya mafuta ilitoka kwa urahisi kuliko nilivyotarajia, ile ya maji ya chini yake ndiyo ilinishikisha adabu. Unga nilioukusanya ulijaa kopo la maziwa. Nikauacha ukuta uchi siku kumi na tisa.

Chokaa nilikosea. Mkono wa kwanza nilipaka, sikuona kitu, nikasema huyu fundi ananitania, nikarudia papo hapo mara mbili. Asubuhi ukuta umepasuka nyufa ndogo ndogo kama matope ya bwawa lililokauka, na kidole kikipita kinatoka cheupe. Nikapiga brashi yote, nikaanza upya, safari hii nyepesi. Mikono minne. Chokaa, oksaidi, brashi mbili na glovu ni elfu kumi na nane, na chokaa theluthi mbili ya mfuko imebaki, mwenye shida aje achukue. Chini ni waridi mpaka kiunoni, juu ile krimu ya zamani. Watu wanadhani niliamua hivyo kwa fasheni.

Mapazia ni mashuka mawili ya mitumba ya Karume, elfu kumi na nne, mazito kuliko pazia la dukani. Sponji chakavu kilo nne, elfu kumi na nne nyingine, kwa mito na kukiinua kiti cha sofa kilichodidimia. Kitenge cha kufunika sofa kumi na nane. Jirani wa cherehani nilimpa kumi. Khanga kumi na mbili, kamba ya mkonge tatu, mkeka ishirini na tano. Nimebakiwa na elfu sita. Paleti sikuipata yenye HT, tivii bado iko kwenye ndoo, lakini ndoo nimezizungushia kamba ya mkonge iliyobaki, kwa gundi, mpaka juu. Mama ndiye aliyezungusha ya pili kwa kupapasa, kabla ya kufanyiwa jicho la kwanza, na ya kwake imenyooka kuliko yangu.

Sofa iko shubiri moja kutoka ukutani. Pale pembeni unga umerudi kidogo, upana wa kiganja. Fundi, hapo ninapiga brashi tena au ninasubiri?

Halafu Bi Mwana, hukunionya kitu kimoja. Khanga niliyochagua nilipendea rangi, jina sikulitilia maanani: *Hasidi hana sababu*. Nimeitundika inatazama mlango. Mwenye nyumba alipokuja kuchukua kodi alisimama kizingitini, akaisoma taratibu mpaka mwisho, akaniuliza, "Huyu unayemsema ni nani?" Mama alicheka mpaka akashika bandeji. Jioni nimekunja ukingo wa chini nikaupiga bandi, sasa unaonekana mji na pindo la juu tu.