Kikundi cha Ukoo: Jumamosi kwenye Treni za Mjomba

Salma: Shikamooni wakubwa wote. Mjomba, Jumamosi tunakuja kwenye maonyesho ya treni ndogo, sisi wote. Mlango unafunguliwa saa ngapi?

Mjomba Rashidi: Marahaba mpwa wangu. Saa nne asubuhi. Ila kabla hamjaja sikilizeni hii kwanza.

Mjomba Rashidi: [ujumbe wa sauti, 7:12]

Juma: Dakika saba Mjomba??

Mama Latifa: Msijisumbue. Dakika mbili za mwanzo anatafuta miwani.

Juma: Tuandikie tu Mjomba, niko kwenye basi.

Mjomba Rashidi: Haya. La kwanza ni mabegi ya mgongoni. Yaacheni nyumbani, na mkishindwa, yavaeni kifuani.

Mama Salma: Kaka, begi limekukosea nini?

Mjomba Rashidi: Dada, meza yetu ni ya kipimo cha HO, yaani 1:87, kila kitu kimepunguzwa mara 87. Mtu wa mita 1.75 pale mezani ana sentimita 2. Sasa piga hesabu begi la nusu mita. Ni jengo la mita 43 na ushee, halina macho, na linageuka kila mwenye nalo anapoitwa jina.

Juma: 😂😂 jengo linaloitwa jina

Mjomba Rashidi: Unacheka. Maonyesho yaliyopita kuna bwana mmoja aligeuka kumsalimia rafiki yake. Begi likafagia nguzo zote za simu upande wa stesheni. Akasikia kitu kimeanguka, akageuka kutazama ni nini, begi likaja upande wa pili likabeba mnara wa maji.

Salma: Akasema nini?

Mjomba Rashidi: Akasema "samahani". Akamwambia rafiki yake, kwa kuwa alimkanyaga. Sisi hakutuona kabisa.

Baba Salma: Shemeji pole, lakini nguzo zile kwa kweli zilikuwa fupi. Nilitaka kukuambia siku nyingi.

Mama Latifa: Ameanza.

Mama Salma: Wifi nisamehe, kaamka nalo hilo tangu asubuhi.

Juma: Mjomba si mna kamba pale mbele? Kazi yake nini?

Mjomba Rashidi: Kamba ni ya kuwaambia watu waishie hapo. Wao wameielewa kuwa ni ya kuegemea. Wa kwanza anaegemea kidogo, wa pili anamwegemea wa kwanza, mwisho kamba ipo juu ya mashamba na nguzo zake mbili zimeinama kama zinasali.

Salma: Na tukiwa na watoto? Meza iko juu, hawataona kitu.

Mjomba Rashidi: Ni kweli ipo juu kidogo. Huo ugomvi hauishi kwenye chama chetu. Ukiiweka chini watoto wanaona vizuri ila wakubwa wanatazama mapaa tu. Ukiiweka usawa wa macho, treni inapita mbele yako kama ya kweli, lakini mtoto anaona mbao na nyaya. Kuna vigoda vya kupandia, ombeni mtapewa. Msimweke mtoto mabegani.

Juma: Kwa nini? Huko juu si ataona kila kitu

Mama Latifa: Ataona. Na viatu vyake vitakuwa juu ya mto, na yeye anapiga miguu kwa furaha. Kiatu kimoja tuliwahi kukiokota katikati ya zizi la ng'ombe. Ng'ombe wawili mpaka leo wamelala ubavu, nimeamua waonekane wamepumzika.

Babu: [picha ya maua: Asubuhi Njema na Yenye Baraka]

Salma: Shikamoo Babu. Ni saa mbili usiku 😄

Babu: Marahaba. Nimeipata sasa hivi.

Juma: Mjomba, na kugusa? Kidogo tu? Kidole kimoja?

Mjomba Rashidi: Kidole chako kina upana wa karibu sentimita 2. Hapo mezani kidole kina upana sawa na urefu wa mtu. Sasa wewe fikiria umesimama stesheni unasubiri treni, nguzo ya nyama inashuka kutoka mawinguni inasukuma behewa kuona kama linatembea.

Juma: 💀💀

Mjomba Rashidi: Halafu si suala la kuvunja tu. Treni zetu zinapata umeme kutoka kwenye reli zenyewe, unapanda kupitia magurudumu mpaka kwenye mota. Kidole kina mafuta na jasho. Ukipitisha juu ya reli unaacha utando, vumbi linanata hapo, gurudumu likifika halipati umeme vizuri. Treni inashtuka, inasimama, inashtuka tena. Ndiyo maana asubuhi kabla ya mlango kufunguliwa mnatukuta tumeinama na vitambaa na spiriti tunasugua reli. Tunayafuta ya jana.

Mama Salma: Na umeme huo hauwezi kumpiga mtoto?

Mjomba Rashidi: Hapana dada. Ni volti 12 hivi zinazofika relini, hata hatausikia. Anayeumia ni treni.

Baba Salma: Hiyo ni ya mkondo wa moja kwa moja. Za kidijitali ni zaidi kidogo, na ziko kampuni zinazotumia mkondo geu. Shemeji angefafanua.

Mama Latifa: Shemeji Jumamosi utasimama upande gani wa kamba? Nauliza tu nijipange.

Salma: Lakini Mjomba nimeona video ya Miniatur Wunderland, yale maonyesho makubwa ya treni ndogo kule Hamburg, Ujerumani, yaliyofunguliwa 2001. Watu wanabonyeza vitufe na vitu vinatembea. Nikadhani ndivyo ilivyo kila mahali.

Mjomba Rashidi: Kule vitufe vimewekwa kwa ajili ya wageni, makusudi kabisa. Pale kwetu kuna kitufe kimoja tu unachoweza kukifikia kutoka mbele. Ni chekundu na kinazima umeme wa meza nzima.

Juma: Na watu wanakibonyeza?

Mama Latifa: Juma, ni CHEKUNDU. Unadhani?

Juma: Sawa basi sigusi. Nitapiga picha.

Mjomba Rashidi: Piga mpaka uchoke. Ila simu ibaki mkononi mwako, upande wako. Siku hizi wamezuka wa kuilaza simu juu ya reli ili treni ije ikiwaelekea. Simu ya sentimita 15 kwa kipimo chetu ni gogo la mita 13 limeanguka relini. Kichwa cha treni kinaligonga, mabehewa yanapandana, halafu mwenye simu anaangalia video anasema haikutoka vizuri, turudie.

Salma: Turudie!! 😂

Mjomba Rashidi: Wallahi. Na vikombe vya kahawa pia. Mtu anatafuta pa kuweka kikombe apate kufunga kamba ya kiatu, anaona kiwanja kizuri tambarare. Kiwanja kile tumekipanda majani kwa kibano. Kikombe cha sentimita 9 ni nyumba ya karibu mita 8, yenye mafuriko ndani yake, na chini ya ubao wote ni nyaya.

Mama Salma: Kwa hiyo watoto wabaki nyumbani?

Mjomba Rashidi: La! Walete. Mimi watoto siwaogopi hata kidogo. Nawaogopa wenye umri wangu.

Mama Latifa: Hilo nakubaliana naye, na ni nadra. Mwaka huu alikuja mtoto mdogo, wa miaka sita hivi, kaweka mikono nyuma kama askari wa zamu. Kasimama kimya muda mrefu. Halafu akanivuta shati taratibu akaniambia, "Mama, yule baba ameanguka na hakuna anayemsaidia." Nikainama kutazama. Kweli, abiria mmoja pale jukwaani gundi ya miguuni imeachia, kalala kifudifudi kando ya sanduku lake, wenzake wote wanamtazama. Tangu asubuhi walipita wataalamu wote wa dunia na hakuna aliyemuona. Nikamsimamisha kwa kibano, tone la gundi chini ya viatu. Yule mtoto akasema ahsante.

Salma: Jamani ❤️

Mama Latifa: Dakika hiyohiyo baba mmoja mzima ananiuliza, "Mwenye meza yuko wapi nimuulize swali?" Nimeshika kidhibiti mkononi. Nina treni ya mizigo inaingia, napangua mabehewa niyapeleke njia ya ghala. Nikamwambia niulize mimi. Akanipita, akaenda kumuuliza kijana aliyekaa nyuma yangu anakula mkate.

Mjomba Rashidi: Kijana si mwanachama hata. Alikuja kumrudishia mtu viti.

Mama Latifa: Na akamjibu! Akamweleza habari za treni dakika kumi nzima.

Juma: Hahahaha huyo kijana ana kipaji

Mama Salma: Wifi wewe ndiye unayeendesha vizuri kuliko wote, mpaka Rashidi anajua.

Mjomba Rashidi: Sina neno hapo.

Baba Salma: Kuuliza maswali si tabia mbaya lakini. Mtu amelipa kiingilio.

Mjomba Rashidi: Ulizeni, tunapenda. Tumejenga tuulizwe. Ila tazama kwanza nafanya nini. Nikiwa narudisha behewa nyuma nalitazama jicho moja limefumba, usianze kunisimulia treni uliyonunuliwa utotoni na nani aliivunja. Ngoja isimame. Ikishasimama nitakusikiliza mpaka jina la aliyeivunja.

Mjomba Rashidi: Na yule anayekuja, anatazama, anashusha pumzi ndefu, anasema "kichwa hiki hakikuwahi kuvuta mabehewa haya". Shemeji, sijamtaja mtu.

Mama Salma: 👀

Baba Salma: Hakikuwahi. Nina kitabu.

Mama Latifa: Anacho kweli, alikuja nacho. Kwenye begi. La mgongoni.

Juma: BABA 😭😭😭

Salma: Mjomba kwa nini mnaziendesha polepole vile? Juma mwaka jana alilalamika.

Juma: Zilikuwa zinalala!

Mjomba Rashidi: Treni ya mizigo ya kilomita 40 kwa saa, ukiigawa kwa 87, inatakiwa ikate kama sentimita 13 kwa sekunde. Hata ya abiria ya kilomita 100 kwa saa ni sentimita 32 tu. Wewe ulikuwa unapiga kelele "kanyaga mafuta". Ulivyotaka wewe, abiria wote wangeshukia ukutani.

Salma: Lakini na nyie Mjomba, kwa heshima zote. Mwaka jana kuna meza tulisimama mpaka miguu ikauma, hakuna kinachotembea. Wenyewe wapo nyuma wanabishana nyaya, wametupa migongo, mmoja anakula.

Mama Latifa: Kasema kweli na ayaseme tena. Mgeni kaja kuona treni, siyo mgongo wa fundi. Ubovu ukitokea, mmoja atengeneze, mwingine ageuke awaambie watu kuna nini. Watu wanapenda kujua hata kilichoharibika. Pengine ndicho wanachokipenda zaidi.

Mjomba Rashidi: Na behewa likiacha njia msipige makofi.

Juma: Hapo siahidi. Ule mkono unaotokea juu ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Mjomba Rashidi: Ule unaitwa 0-5-0.

Juma: Ndiyo nini?

Baba Salma: Vichwa vya mvuke huhesabiwa kwa magurudumu: ya mbele, ya kuvuta, ya nyuma. Kama 0-6-0 ni magurudumu sita ya kuvuta, hakuna mengine mbele wala nyuma. Ni mtindo wa Whyte.

Mjomba Rashidi: Sasa mkono una vidole vitano, hauna gurudumu mbele wala nyuma. Ndiyo kreni yetu ya dharura. Ila jamani kreni hiyo ni ya wafanyakazi wa reli. Abiria mwenye huruma haruhusiwi kunyoosha ya kwake, hata kama behewa limelala mbele ya pua yake na sisi tuko mbali. Atalinyanyua, atang'oa kiungio, atalirudisha kinyume, na atasubiri ashukuriwe.

Mama Latifa: Na niongeze moja ambalo yeye anaona haya kulisema. Ukumbi una watu wengi, madirisha machache. Watu waje wameoga.

Mama Salma: Wifi!

Mama Latifa: Pande zote mbili za kamba nimesema.

Babu: Mimi nitakuja. Kuna kiti?

Mjomba Rashidi: Kipo Baba, nyuma kwetu, pale treni zinaposubiri zamu yao ya kutoka. Utaona kila kitu kabla ya watu.

Babu: Nitaruhusiwa kugusa?

Mjomba Rashidi: Wewe ndiyo, Baba.

Juma: AHAA. Kwa hiyo sheria ina wenyewe.

Mama Latifa: Babu ana mikono mitulivu kuliko mtu yeyote kwenye kikundi hiki. Wewe kaa nyuma ya kamba.

Salma: Basi tukutane getini saa nne kasoro robo?

Baba Salma: Mimi nitatangulia. Saa tatu.

Mama Salma: Saa tatu kufanya nini na mlango umefungwa?

Mjomba Rashidi: Meza ya vitu vya mitumba hiyo. Mlango ukifunguliwa wanaume wazima wanakimbia huku wakijifanya wanatembea. Wanachambua sanduku kwa mikono yote miwili, kiwiko huku kiwiko kule, mmoja akishika behewa haliachi ila halinunui, analiangalia tu mwenzake asilipate.

Baba Salma: Kuna kichwa kimoja nimekiona kwenye tangazo lao. Basi tu.

Mama Salma: Ndiyo maana umeweka kengele ya saa kumi na moja alfajiri. Na mimi nimeamini unaniamshia chai.