Nundu kwenye shina la mtufaa na mpichi: kukata, kupaka kopa (dawa ya shaba) au kung'oa?

Kitalu_Njombe: Wadau, miche ya mtufaa iliyounganishwa mwaka jana ina manundu magumu ya kahawia pale shina linapoingia ardhini. Miti miwili mikubwa ya mpichi nayo imeanza. Kipi kina tija kati ya hivyo vitatu?

Shamba_Uyole: Kwanza uhakikishe. Kovu la maungio ni laini na liko pale ulipounganisha. Minyoo fundo huvimbisha mizizi midogo kama shanga kwenye uzi. Nundu yenye gamba la kukwaruza, iliyopasukapasuka, shingoni mwa mti, ni bakteria *Agrobacterium tumefaciens*. Anaingia kwenye jeraha la jembe, la mkasi, hata la mzizi uliokatika wakati wa kuhamisha mche, kisha anapandikiza kipande cha vinasaba vyake ndani ya seli za mti. Seli zinaanza kujitengenezea homoni za ukuaji bila kipimo, na nundu inaendelea kukua hata bakteria akifa. Ndiyo maana kopa haiponyi, inaua walio juu tu.

Miche yenye nundu ng'oa yote, choma. Kuikata nundu halafu ukauza mche ni kumpelekea mteja ugonjwa shambani.

Matunda_Mufindi: Sawa kwa miche. Kwa mpichi mkubwa angalia mzunguko: nundu ikishika zaidi ya nusu ya shina, ng'oa. Ikiwa ndogo na iko upande mmoja, kukata kunalipa. Subiri kiangazi, fukua udongo, kata mpaka ufike kwenye mti mweupe safi, upitilize sentimita 1 hadi 2 ya gamba zima. Kidonda kiache wazi kikauke. Ukifukia siku hiyohiyo unakiozesha. Na ujue inaweza kurudi.

Mkasi utoe udongo kwanza, maana uchafu unaua nguvu ya jiki. Sehemu 1 ya jiki kwa 9 za maji, loweka dakika kadhaa, suuza, paka mafuta usishike kutu. Changanya upya kila siku.

Kitalu_Njombe: Na chokaa kwenye shimo? Jirani anasisitiza.

Shamba_Uyole: Hiyo ni ya kabichi yenye mizizi iliyovimba kama rungu, ambayo kweli hupungua udongo ukipunguzwa tindikali. Huyu wako ni kinyume, anastawi zaidi tindikali ikipungua. Mwambie jirani chokaa abaki nayo.

Epo_Makete: Kuna bakteria wa kinga anayeitwa K84. Mizizi inachovywa kwenye maji yake kabla ya kupanda. Nundu iliyokwisha kuota haiigusi, na hamzuii kila aina ya bakteria huyo, kwa hiyo usiinunue ukitarajia tiba. Usipoipata, hamisha kitalu, pale pa zamani panda mahindi au ngano angalau miaka 2. Jamii ya nyasi haishikwi. Maharage na nyanya usiweke hapo.